Cheti cha Mwaga

Kama kuna mtu aliyeamini anaijua printa yake kuliko hao walioiunda, basi ni Mwalimu. Chuo chake cha ushonaji kilikuwa na vyumba viwili tu. Kimoja kikubwa, cha vyerehani na meza ya kukatia, na kingine kidogo pembeni alichokiita ofisi, ingawa ofisi yenyewe ukitaka kuingiza kiti lazima mtu mmoja atoke. Humo ndimo printa ilimokaa, juu ya meza ya cherehani kilichokufa, imefunikwa kitambaa cha kufuma ili vumbi la chaki na nyuzi visiifikie.

Kwa karatasi alikuwa na adabu, tena adabu ya mshonaji. Zile nyeupe za kawaida hazikutolewa kwenye ganda la rimu mpaka zihitajike, zisije zikanyonya unyevu. Kabla ya kuzitia kwenye trei alizipepeta kwa kidole gumba, akazigonga ukingo mezani mpaka zikalingana. Manila alizilaza chini ya vitabu vizito zisijikunje. Karatasi ya stika iliyokwisha kubanduliwa hata stika moja haikuingia mashineni tena, maana nyingine ingeweza kubanduka humo ndani na kuganda pasipofikika. Bahasha alizipiga rula kwenye mikunjo kwanza. Mwanafunzi aliyethubutu kusokomeza karatasi kwenye trei bila kuipepeta aliambiwa yake, na siku hiyo hakusahau.

Alikuwa na kasoro moja tu, nayo aliiona ni ujanja. Kabla ya kuchapisha, mashine humuuliza mtu ni karatasi gani: ya kawaida, nene, stika au bahasha. Ukiijibu kwamba ni nene, ilivuta karatasi polepole, ikanguruma, ikatulia kidogo kana kwamba inapumua, ndipo ikaendelea. Mwalimu hakujaliwa subira. Siku moja, foleni ya wanafunzi ikiwa imefika mlangoni, aliiambia mashine kwamba manila ni karatasi ya kawaida, na manila ikapita mbio, ikatoka safi. Tangu hapo hakuijibu jibu jingine.

"Ukiisikiliza sana inadeka," aliwaambia watu. "Wewe iambie ni ya kawaida, ipite."

Basi ikaja siku ya kuandaa vyeti vya waliohitimu, na miongoni mwao alikuwemo mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba yao. Mtaa mzima ulimwita Mwaga. Jina hilo lilianzia utotoni, kwa sababu kila alichopewa kubeba alikimwaga: maziwa, unga, maji ya kuogea ya baba. Mama yao alipofariki, Mwalimu ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamfundisha cherehani. Alimpenda kupita kiasi. Na kila siku ya Mungu alimwambia, "Angalia, usije ukamwaga," hata pale msichana alipokuwa amebeba kiti.

Mwaga huyohuyo, ukimpa kitambaa, alikuwa mtu mwingine. Kola zake zilikaa shingoni bila kuvuta, mishono yake ilinyooka, na mifuko yake hata ukiitafuta hukuiona ilipoanzia. Mwalimu alilijua hilo vizuri. Ila hakuwahi kumwambia, kwa kuogopa atavimba kichwa.

Wakati huo kiwanda kimoja cha sare kilikuwa kinatafuta mshona sampuli, yule anayeshona nguo ya kwanza ambayo wengine wote wataifuata. Hiyo si kazi ya kupewa mtu hivihivi. Mwaga alikwisha kushona kola na mkono wa shati, akavipeleka, vikakubaliwa. Kilichobaki ni usaili na cheti halisi cha chuo. Akiipata kazi ile, basi ametoka. Angekuwa na mshahara wake, meza yake, na watu wanaomwita fundi badala ya kumwita Mwaga.

Mwalimu akaamua kwamba cheti cha mdogo wake hakitakuwa kama vya wengine. Wenzake waliandaliwa manila ya kila mwaka. Kwa ajili ya Mwaga alikwenda mpaka duka la vifaa vya ofisi, akapapasa karatasi moja moja kama anavyopapasa vitambaa, akachagua iliyo nene kuliko zote: ya rangi ya maziwa, ngumu, laini kwa juu, ukiigonga inalia. Akanunua chache, endapo moja itaharibika.

"Hii hata kiwandani hawajaiona," alisema, huku anaipitisha kwenye mlango wa mbele wa printa, maana trei hupindisha karatasi njiani, na hii isingepinda.

Mwaga alikuwa amesimama nyuma yake, mikono ameificha kwenye mifuko ya gauni ili asiambiwe kitu. Akachungulia kioo cha kompyuta.

"Dada, hapo mbona pana pa kuchagua karatasi nene?"

"Nani kakuuliza?"

"Nimeona tu."

"Mimi na mashine hii tumeanza wewe hujui hata kutunga uzi. Kaa hapo utazame."

Akabonyeza ya kawaida. Karatasi ikapita mara moja, ikatoka na jina la msichana limeandikwa kwa herufi kubwa za mviringo, jeusi, zuri la kuliza. Mwalimu mwenyewe machozi yalimlengalenga, akajisingizia vumbi. Alikinyanyua cheti kwa ncha za vidole, akakiingiza kwenye faili gumu la plastiki, akalifunga.

"Usikitoe mpaka ufike. Na ukikimwagia kitu, usirudi hapa."

Ni maneno ya utani. Ila aliyatamka bila kucheka.

Siku ya usaili, Mwaga alinawa mikono, akaifuta, akanawa tena. Akalifunga lile faili kwenye kanga safi, akalipakata njia nzima. Aliondoka asubuhi, uso unang'aa. Kabla ya adhuhuri alikuwa amerudi.

Mwalimu alikuwa darasani anafundisha kutia zipu, wanafunzi wamemzunguka. Akamwona mdogo wake mlangoni, faili amelipakata.

"Wamesema cheti ni cha kughushi," Mwaga alisema.

"Wamesema nini?"

"Yule mama wa usaili alikitoa, akakipangusa hivi kwa kidole, na jina likatoka. Akakipangusa tena, na lile la chuo likatoka pia. Akasema hajaona cheti ambacho jina lake linafutika." Alivuta pumzi. "Lakini amesema kola yangu ameipenda. Amesema nirudi na mkuu wa chuo na cheti kingine kabla ya Ijumaa, atanishikia nafasi mpaka hapo. Twende wote, dada, ukawaambie."

Akakitoa cheti. Pale jina lilipokuwa palibaki doa la kijivu, limeburuzwa kuelekea pembeni.

Hapa ndipo Mwalimu alipoharibu. Angeweza kukichukua cheti kile akakitazama. Angeweza kujiuliza swali moja dogo tu. Lakini mbele yake lilikuwa darasa zima linamtazama, na neno kughushi limetajwa ndani ya chuo chake, na damu ikampanda. Mtu mwenye hasira humshika aliye karibu, na aliyekuwa karibu ni yule aliyezoea kushikwa.

"Umekishika na mikono ya mafuta," alisema.

"Hapana, dada, nilikifunga kwenye kanga."

"Kanga gani? Si hiyohiyo unayofutia cherehani? Jana ulikuwa unatia mafuta vyerehani, au umesahau?"

"Nilinawa."

"Ulinawa!" Mwalimu akawageukia wanafunzi, na hilo ndilo lililokuja kumuuma kuliko yote, kwamba aliwageukia. "Mnasikia? Amenawa. Karatasi nzuri vile, nimeitafuta mwenyewe, haijakaa mkononi mwake hata siku moja. Mwaga ni Mwaga tu!"

Darasa likacheka. Halikucheka kwa ubaya, lilicheka kwa sababu mwalimu ametania. Mwaga alitazama viganja vyake. Akavigeuza, akavitazama tena, taratibu, kama mtu anayetafuta mwiba.

"Labda," alisema. "Labda kweli."

"Siyo labda. Kaa kwanza ujifunze kushika vitu. Nikipata nafasi nitakuchapishia kingine."

Nafasi hiyo haikupatikana. Siku iliyofuata kulikuwa na oda ya mapazia. Baada ya mapazia, cherehani kimoja kikagoma. Alhamisi Mwalimu alijiambia kwamba msichana akiomba tena, hata mara moja, kwa upole, atafunga chuo waende. Alisubiri aombwe. Alikuwa amekwisha kununa, na kununa nako kuna tabu yake, hujui uanzie wapi kuacha. Mwaga hakuomba. Alifagia, akapanga nyuzi kwa rangi, akalala. Ijumaa ikapita kama Ijumaa nyingine yoyote.

Baada ya hapo Mwaga hakukaa tena kwenye cherehani. Akiambiwa ashone, aliumwa kichwa. Akiambiwa akate, alisema mkasi atampa mwenzake, yeye atashika kitambaa. Kisha akamwomba shangazi yao amtafutie kibarua, na shangazi akampatia kazi kwenye uwanja wa kuuzia mchanga na kokoto, kukaa getini, kufungua na kufunga. Mwalimu alipinga sana. Alisema ni aibu, fundi mzima kwenda kushinda na malori. Mwaga alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga begi lake, akahamia kwa shangazi.

"Pale hakuna cha kuharibu, dada," alisema alipoaga.

Mwalimu aliyasikia maneno hayo, akayaona ni ya kudeka.

Miezi ikapita. Wanafunzi wapya wakaingia, na Mwalimu akataka bango la mlango wa darasa. Kwenye rafu, chini ya vitabu, zilikuwepo zile karatasi za rangi ya maziwa zilizobaki. Akachukua moja, akaipitisha kwenye mlango wa mbele, akabonyeza ya kawaida kama ada yake. Bango likatoka, maridadi. Alikuwa ametoka kukata suruali, vidole vimejaa chaki, vikavu kabisa. Akalishika bango ili aligeuze, na kidole gumba kikapita juu ya neno la kwanza.

Herufi zikamfuata kidole.

Alisimama. Akapangusa tena, mahali pengine. Zikatoka. Akafuta chaki kwenye gauni, akajipuliza vidole, akajaribu kwa kidole kidogo ambacho hakikugusa kitu. Wino ulibanduka kama unga, ukabaki kwenye ngozi yake, na chini yake karatasi ikabaki na doa la kijivu analolijua.

Alikuwa mtu wa kupima kabla ya kukata, hivyo akapima. Akachukua manila, akaichapisha vilevile kwa ya kawaida, akaisugua. Haikutoka. Akachukua tena ile nene, na safari hii, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya foleni, akaijibu mashine ukweli. Ikanguruma. Ikavuta polepole. Ikatulia, ikapumua, naye akasimama akaingoja, mkono mdomoni. Karatasi ilipotoka ilikuwa na joto, joto kabisa, kama nguo iliyotoka kwenye pasi. Akaisugua kwa gumba, kisha kwa ukucha, kisha kwa upindo wa gauni, na herufi hazikusogea.

Alikaa kwenye kile kiti kimoja cha ofisi. Akakumbuka kwamba fundi aliyemuuzia mashine alimweleza habari ya wino wa unga, kwamba huyeyushwa kwa moto ndipo ushike, na yeye akaitikia ndiyo, ndiyo, huku anawaza bei. Karatasi nene hutaka moto mwingi zaidi. Na yeye, somo lake la kwanza kwa kila mwanafunzi aliyeingia mlango ule lilikuwa pasi: hariri na moto wake, pamba na moto wake, khaki na moto wake, ukikosea umeharibu. Alilifundisha kwa kupiga meza. Vyeti vya wenzake Mwaga, vya manila ya kila mwaka, vilikuwa salama mpaka leo kwenye kuta za watu. Kilichofutika ni kile kimoja alichokitafutia karatasi kwa mapenzi.

Akalia. Alilia kwa sauti, mpaka mwanafunzi mmoja akaja kuchungulia, akafukuzwa.

Kisha akanawa uso, akachapisha cheti. Alikichapisha kwa subira, akakisugua kila neno mpaka akaridhika, akakitia kwenye faili, akaenda kwanza kiwandani. Yule mama wa usaili alimpokea vizuri. Alikuwa mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na mwanzoni hakukumbuka. Alipotajiwa kola, akakumbuka.

"Yule binti? Tulimngoja mpaka Ijumaa jioni, mama. Nikasema kama cheti ni chake kweli, atarudi tu, mwenye haki hakai kimya." Akashusha miwani. "Hakurudi. Basi nikajua."

"Ni chake kweli. Kosa lilikuwa la mashine." Mwalimu akaliweka faili mezani. "Lilikuwa langu."

"Pole sana. Nafasi ilishapata mtu."

Mwalimu akashukuru, akatoka. Njiani alikuwa anapanga maneno. Atamwambia hivi, atamwambia vile, kuna viwanda vingine, kuna maduka ya nguo, cheti sasa ni imara, yeye mwenyewe atamsindikiza kila mlango. Kufika kwenye uwanja wa kokoto alikuwa amejipa moyo nusu.

Mwaga alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya geti, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Alipomwona dada yake alisimama haraka, akampa kiti, yeye akabaki amesimama. Walisalimiana. Wakaulizana habari za shangazi, habari za chuo. Mwalimu akaona akichelewa atashindwa.

"Haikuwa mikono yako, mdogo wangu," alisema. "Kile cheti. Ni mimi. Karatasi ile ilitaka moto, na mimi niliidanganya mashine kwamba ni karatasi ya kawaida. Wewe uliniambia. Uliniambia kabisa, pale pale, nikakufokea. Kisha ukaniomba twende, sikwenda. Nisamehe."

Mwaga alitazama chini, akaisogeza kokoto moja kwa ncha ya kiatu.

"Siku ile nikirudi nilikuwa na hasira," alisema mwishowe. "Njia nzima nilikuwa najua sikukosea. Nilinawa mara mbili. Nikasema dada akisikia atawaka moto, tutakwenda wote, atawapasha." Akatabasamu kidogo, akaacha. "Uliposema ni mafuta, nikayakumbuka. Nikakumbuka kabisa vidole vyangu vina mafuta, nakumbuka mpaka harufu yake. Ndiyo maana sikukuomba tena. Mpaka leo nayakumbuka, dada. Hata sasa unaponiambia hayakuwepo, mimi nayaona."

Maneno yote aliyoyapanga Mwalimu njiani yalikuwa ya viwanda na maduka. Hakupanga neno la jambo hili. Basi akafanya alilolijua. Akafungua faili, akakitoa cheti, akakisugua mbele yake kwa nguvu, kwa gumba, kwa kiganja chote.

"Tazama. Hakitoki. Hata ukikisugua mwaka mzima. Haya, kishike. Kisugue na wewe."

Mwaga alikiangalia. Akalisoma jina lake, midomo ikicheza bila sauti. Ni kweli alinyoosha mkono, ukafika katikati. Kisha akaurudisha, akaupangusa kwenye gauni, upande wa ndani na upande wa nje, akautazama, akaupangusa tena. Lori likapiga honi nje ya geti, naye akashtuka kama aliyepata ruhusa.

"Kizuri sana," alisema, huku anaanza kurudi nyuma kuelekea kwenye komeo. "Kikae kwako tu, dada. Nisije nikakiharibu."